Pombe, Panadol na Ini

Mtu aliyezidiwa na rubisi usiku huamka na kichwa kizito. Mmoja atamshauri atafune kahawa, mwingine anywe maziwa. Kahawa yaweza kumwondolea usingizi, lakini pombe haiwezi kumwondolea. Kazi hiyo ni ya ini.

Ini liko chini ya mbavu, upande wa kulia, na kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Damu itokayo matumboni ikiwa imebeba chakula, pombe au dawa hupita kwanza humo. Ini huvigeuza vitu vyenye sumu, kisha mabaki hutoka kwa mkojo, au kwa nyongo pamoja na choo.

Lakini ini lina mwendo wake. Bia moja ya nusu lita hulichukua saa mbili hadi tatu. Ukinywa tano, nne zitangoja zamu huku zikizunguka kwenye damu na ubongo.

Tena, mara nyingine katika kugeuza, ini hutengeneza sumu kali zaidi. Methanoli, ile spiriti ya viwandani, hugeuzwa kuwa asidi inayopofusha macho na kuua. Mei 2014 nchini Kenya, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80. Anayenunua gongo hawezi kujua kwa kuonja kama imo.

Hata Panadol, ambayo karibu kila nyumba inayo, huacha sumu kidogo ndani ya ini. Ini lina akiba ya kuizima, na ndiyo maana dawa hii ni salama kwa kipimo chake: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mnywaji wa kila siku asiyekula vizuri ana akiba ndogo, hivyo amwulize mganga kwanza. Kwa mtoto, kipimo hufuata uzito wake.

Aliyemeza vidonge vingi mno huweza kuonekana mzima siku ya kwanza, akacheka na kula. Macho huja kuwa ya manjano baadaye, ini likiwa limekwisha kuharibika. Msingoje dalili. Mpelekeni hospitali saa ile ile pamoja na pakiti ya dawa, maana dawa ya kuzima sumu hiyo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.