Je, Wajua? Matangazo Mengine Yamo Ndani ya Windows

Si kila tangazo hutoka kwenye tovuti. Aprili 2024, Microsoft ilianza kupendekeza programu ndani ya menyu ya Start ya Windows 11. Nani aliziomba?

Ili kuyaondoa mapendekezo hayo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia Personalization, kisha Start, uzime swichi ya mapendekezo.

Vijidirisha vinavyochomoza kona ya chini kulia vikidai kompyuta ina virusi ni jambo jingine. Mara nyingi vinatoka kwenye tovuti uliyowahi kuibonyezea "Ruhusu" bila kusoma. Kwenye Chrome ya Kiswahili, fungua Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Ifute tovuti usiyoijua. Ni bure, na huenda ikakuepusha kubeba kompyuta hadi kwa fundi Bariadi mjini akupigie Windows upya.

Na kuhusu bando la intaneti: unatumia hotspoti ya simu, kama wengi mkoani Simiyu, iwe Maswa, Meatu au Itilima? Kwenye Windows, fungua sifa za mtandao huo wa Wi-Fi, uwashe swichi ya Metered connection. Masasisho mengi ya Windows yatasubiri, na bando litadumu zaidi.