Mzizi Huijuaje Njia ya Chini?

Mkulima anayepanda mahindi hashughuliki kuigeuza kila punje ikae sawasawa shimoni. Huangusha mbili au tatu, hufukia, husonga mbele. Nyingine hulala ubavu, nyingine hupinduka juu chini. Siku chache baadaye machipukizi yote yamejitokeza juu na mizizi yote imeshuka. Gizani mle udongoni hakuna mwanga wa kuuonyesha mzizi njia, na unyevu unaweza kuwa upande wowote. Kinachouongoza zaidi ni nguvu ya mvutano wa dunia, na sehemu inayoihisi nguvu hiyo ni ncha yake, kipande cha milimita 1 hivi.

Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu za maharage kwenye gurudumu lililosimama wima, likizungushwa kwa kasi na maji ya kijito. Kwa kuwa mbegu zilikuwa zikigeuka muda wote, mvutano wa dunia haukuweza kuzielekeza upande mmoja. Nguvu iliyobaki ni ile ya mzunguko, inayosukuma vitu kutoka katikati kwenda nje. Mizizi yote ikaota kuelekea nje, na machipukizi yote kuelekea katikati. Ikadhihirika kwamba mmea hufuata nguvu inayouelemea, hata nguvu hiyo ikiwa imetengenezwa na gurudumu.

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza majaribio ya kukata ncha za mizizi michanga. Mzizi uliokatwa ncha kisha ukalazwa uliendelea kurefuka, lakini haukupinda. Ncha mpya ilipoota, uwezo wa kupinda ulirudi. Kumbe mzizi huhisi mahali pamoja na kupinda mahali pengine, milimita chache nyuma ya ncha. Kati ya sehemu hizo mbili lazima ujumbe usafiri.

Jambo hili unaweza kulishuhudia nyumbani. Loweka maharage usiku kucha, kisha yapange ndani ya glasi, kati ya ukuta wake na karatasi laini yenye unyevu. Mizizi ikifikia sentimita 2, ilaze glasi ubavu na uifunike isipate mwanga. Kesho yake itazame kwa makini: sehemu ya mzizi iliyokwisha kukomaa imebaki imelala vilevile, ila kipande kilicho karibu na ncha kimegeuka kuelekea chini.

Nchani mle kuna kofia ya mzizi, tabaka la seli zinazoukinga unapopenya udongo. Katikati ya kofia hiyo zimo seli zenye chembe zilizojaa wanga. Chembe hizi ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka, kwa hiyo hutuama chini ya seli kama mchanga ndani ya chupa ya maji. Mzizi ukilazwa, ndani ya dakika chache chembe huporomokea upande ambao sasa ndio wa chini. Mwaka 1900 Gottlieb Haberlandt na Bohumil Němec, kila mmoja kwa utafiti wake, walipendekeza kwamba hivyo ndivyo mmea unavyoijua njia ya chini. Mimea yenye hitilafu ya kurithi inayoizuia kutengeneza wanga imeunga mkono hoja yao: mizizi yake bado hupinda, lakini kwa udhaifu na kwa kuchelewa.

Kuporomoka kwa chembe hugeukaje kuwa ujumbe? Tafiti zilizochapishwa mwaka 2023 zilionyesha kwamba protini za kundi la LAZY hukaa juu ya chembe hizo za wanga. Chembe zinapotua upande mpya, protini huhamia kwenye utando wa seli ulio jirani. Kutoka hapo huelekeza homoni ya ukuaji iitwayo auksini itoke kwa wingi upande wa chini.

Auksini husafiri kutoka nchani hadi sehemu ambayo mzizi hurefukia. Katika mzizi, homoni hii ikizidi hupunguza kasi ya seli kurefuka. Upande wa chini hupungua mwendo, wa juu huendelea, na mzizi hupinda kuelekea chini. Katika shina homoni hiyohiyo huongeza kasi, ndiyo maana shina lililolala huinuka. Mzizi ukishaelekea chini tena, chembe hurudi kutulia mahali pake, auksini hugawanyika sawa pande zote na kupinda hukoma.

Si kila mizizi hushuka wima. Mizizi ya pembeni huenda kwa mshazari, na kila aina ya mmea ina pembe yake. Katika mikoko ya pwani yetu, mchu na mlilana hutoa mizizi inayopanda juu kutoka kwenye tope lenye hewa haba ili ipate kupumua.

Pembe ya mizizi ina maana kubwa shambani. Mizizi inayotambaa karibu na uso wa udongo huokota vizuri fosforasi, inayopatikana zaidi huko juu. Inayoshuka hufikia maji yaliyobaki chini mvua inapokatika. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walitangaza jeni ya mpunga inayoitwa DRO1, yenye undugu na zile za LAZY. Walipoihamisha kwa kupandanisha mimea kutoka mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino hadi aina ya IR64, yenye mizizi isiyoenda chini sana, mizizi ya IR64 ilishuka wima zaidi na mpunga huo ukatoa mavuno bora wakati wa ukame.

Kwa muda mrefu mbegu zimesifiwa kwa yale yanayoonekana: urefu wa shina, ukubwa wa suke, wingi wa punje. Wakulima wa maeneo ya ukame wanastahili zaidi ya hapo. Watafiti wa mbegu wapime pembe ya mizizi kwa bidii ileile wanayopimia mavuno, na mkulima anapoelezwa sifa za mbegu mpya aulize pia mizizi yake hushuka hadi wapi.