Filamu « Paris »: watu wengi, maisha nusu-nusu

Muji mukubwa, watu wengi, kila mutu na muzigo wake: hayo ndiyo Cédric Klapisch alitaka kuonyesha katika filamu yake « Paris », iliyotoka Ufaransa mwaka wa 2008. Inapita masaa mawili. Wachezaji ni wenye jina: Juliette Binoche, Romain Duris, Fabrice Luchini, Karin Viard. Lakini mutazamaji anabaki na njaa.

Katikati ya hadisi kuna Pierre, muchezaji dansi mwenye ugonjwa wa moyo. Akingojea operesheni ya kubadilishiwa moyo, anakaa kwenye balkoni na kutazama wapita njia. Dada yake Élise anahamia kwake pamoja na watoto ili amutunze. Sehemu hiyo inagusa kweli.

Shida ni kwamba filamu inawaacha kila mara na kukimbilia wengine: profesa wa historia anayemutumia mwanafunzi wake mesaji bila kujitaja, wauzaji wa soko, mama mwenye duka la mikate anayepima wafanyakazi kwa asili yao. Kabla hujamuzoea mutu, ameshaondolewa.

Anayepoteza zaidi ni Benoît, kijana wa Kameruni anayetafuta njia ya kufika Paris. Huku kwetu, wengi wana ndugu Ulaya. Tunajua safari kama hiyo: madeni ya familia, simu isiyoita, mama asiyepata usingizi. Filamu inapita juu ya hayo haraka haraka. Waafrika wanaonunua pondu katika kartie ya Château Rouge nao ni wakaaji wa Paris. Maisha yao yalistahili zaidi ya dakika hizo chache.

Klapisch mwenyewe alishafanya vizuri zaidi. Katika « Chacun cherche son chat », ya mwaka wa 1996, binti mumoja anatafuta paka wake aliyepotea karibu na Bastille, na wamama wazee wa kartie wanamusaidia. Hadisi ni ndogo, lakini mwishoni unawajua majirani wake.

Wenye kutengeneza filamu Goma, Bukavu ao Lubumbashi wanaweza kupata somo hapo. Anayetaka kuonyesha Goma hahitaji kuchukua muji wote. Musukuma chukudu mumoja wa Birere, akifuatwa kuanzia asubuhi mpaka usiku, atatufikisha mbali kuliko watu kumi wanaopita tu mbele ya kamera.