Mkono Unaochelewa Kuamka

Pande za Kosele na Kabondo, wanakoishi wakulima wa viazi vitamu, mkono ndio mtaji: ndio unaochimbua viazi, ndio unaosonga ugali. Basi vidole vya mama vikivimba, huambiwa kazi imemzidi, apumzike, anunue vidonge vya maumivu dukani. Ushauri huo una huruma, lakini ndio unaompotezea mkono. Huenda uvimbe huo ni baridi yabisi, nayo si uchovu. Kinga ya mwili wenyewe hushambulia utando wa kiungo. Utando hunenepa, hula gegedu na mfupa, hulegeza kano, hata vidole vikaegemea upande wa kidole cha mwisho. Mtazame mgonjwa alfajiri: mikono yote miwili imekakamaa, kijiti cha kiberiti kinamponyoka, na saa nzima hupita kabla hajaweza kukunja ngumi. Mkono uliochoshwa na jembe hupata nafuu ukilala. Huu huamka mbaya zaidi.

Kidonge cha maumivu hutuliza, lakini hakizuii mfupa kuliwa, na mara nyingi uharibifu huanza ndani ya miaka 2 ya kwanza. Dawa iitwayo methotreksati ndiyo hupunguza kasi ya uharibifu huo. Wapo wanaoikataa kwa kuwa hutibu pia saratani. Hofu yao ina msingi: ni dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, damu hupimwa, na mjamzito haruhusiwi. Hata hivyo dozi ya viungo ni ndogo mno kuliko ya saratani.

Wengine husema mazoezi yatamaliza kiungo kilichokwisha kuumia. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, wenye wagonjwa 490, unaonyesha vingine: waliofundishwa kunyoosha na kuimarisha mikono huku wakiendelea na dawa waliitumia mikono yao vizuri zaidi baada ya mwaka, na maumivu hayakuzidi. Kweli, Kosele si Uingereza, na mtaalamu wa tiba ya viungo hapatikani kila zahanati. Lakini kufinya kitambaa kilichoviringwa hakuhitaji mashine. Kinachohitajika mapema ni mhudumu atakayebana taratibu safu ya vifundo vya vidole, na mgonjwa akishtuka kwa maumivu, amwandikie rufaa siku hiyohiyo, vidole vikiwa bado vimenyooka.