Shahada ya Pili ya Elimu: Yafika Wapi?

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mkabala na Goma, zimo nyumba ambamo baba hushika zamu mpakani na mama hushika chaki. Mama anapotamani shahada ya pili ya elimu, swali huwa moja: itamfikisha wapi?

Wako wadhanio kwamba shahada hiyo humwondoa mwalimu darasani tu. Sivyo. Rubavu kwenyewe kipo chuo cha ualimu cha Gacuba II, kinachotayarisha walimu wa shule za msingi; na afundishaye walimu yampasa awazidi kwa elimu. Mjini Kigali, Bodi ya Elimu ya Msingi (REB) hushughulikia mitaala na vitabu, na mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule (NESA) iliundwa mwaka 2020. Mwalimu wa Kiswahili naye ana mlango wake, maana mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda.

Lakini safari ina gharama. Makao ya tawi la elimu la Chuo Kikuu cha Rwanda yako Rukara, wilayani Kayonza, mashariki ya nchi. Gisenyi iko magharibi kabisa. Baba akiwa kambini na mama masomoni, watoto watalelewa na nani? Tena shahada peke yake haileti cheo: nafasi hushindaniwa.

Basi jamaa na waketi pamoja, waichague kwanza kazi inayotafutwa, ndipo walipe ada. Mali bila daftari huisha bila habari.