Kitasa Hupimwa kwa Kufunguliwa

Tazama meno ya ufunguo wa mlango wako. Kila pengo limekatwa kwa kina chake, na kina hicho kinalingana na pini moja iliyojificha ndani ya kitasa. Wengi hudhani huo ni ubunifu wa viwanda. La hasha! Wamisri wa kale walikuwa nao, tena kwa mbao tupu.

Komeo lao lilipita ndani ya kisanduku cha mbao kilichopigiliwa mlangoni. Ndani ya kisanduku hicho vijiti vilining'inia wima kwenye matundu. Komeo likisukumwa hadi mwisho, matundu yake yanafika chini ya vijiti, navyo vinadondoka kwa uzito wao wenyewe. Hapo halirudi tena. Ufunguo ulikuwa kipande kirefu cha ubao chenye vijiti vilivyosimama kwenye ncha, kama mswaki mkubwa. Unauingiza ndani ya uwazi wa komeo, unauinua, vijiti vyake vinavisukuma juu vile vilivyodondoka, kisha unalivuta komeo. Kijiti kimoja kikiwa kifupi au kimekaa pembeni kidogo, mlango haufunguki. Kitabu cha Isaya katika Biblia kinapotaja ufunguo uwekwao begani, aliyewahi kuona ufunguo wa namna hii hashangai.

Warumi walileta chuma na shaba, na funguo zikawa ndogo hata nyingine zikaunganishwa na pete za kuvaa kidoleni. Lakini kwa karne nyingi Ulaya iliegemea kitasa cha aina nyingine, chenye kuta nyembamba ndani za kuzuia ufunguo usiokuwa wake. Kilipambwa sana, na kililinda kidogo. Ukichonga ufunguo mwembamba unaozikwepa kuta zote, unafungua vitasa chungu nzima. Ndio ule mafundi wanaouita ufunguo malaya.

Mwaka 1784 Joseph Bramah wa Uingereza alisajili kitasa ambacho ufunguo wake wa bomba ulisukuma vibati kadhaa, kila kimoja kwa kina chake hasa. Wazo lilikuwa zuri, ila mkono wa fundi haukuweza kukitengeneza kwa usahihi huo na bado kikauzika kwa bei nafuu. Bramah akamwajiri kijana wa miaka 18, Henry Maudslay, aliyemtengenezea mashine za kukata vipande hivyo. Maudslay baadaye akawa mmoja wa waasisi wa mashine za kisasa za karakana. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii: haja ya kufunga mlango vizuri iliwafundisha watu kukata chuma kwa usahihi.

Bramah aliweka kitasa dirishani mwa duka lake London, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayekifungua bila ufunguo. Miaka ikapita. Bramah akafariki, na kitasa bado kimefungwa. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya kimataifa mjini humo, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alijitokeza. Kwanza alifungua kitasa maarufu cha kampuni ya Chubb kwa takriban dakika 25. Kisha akakaa na kile cha Bramah kwa saa zipatazo 51 zilizogawanywa katika siku 16, kikafunguka, akalipwa.

Hakutumia nguvu. Hakuna tundu linalotobolewa sawasawa kabisa na jirani yake, kwa hiyo ukikaza kitasa kidogo kuelekea upande wa kufunguka, sehemu moja hubanwa kabla ya nyingine. Unaitafuta hiyo, unaisogeza mpaka iachie, kisha unahamia kwa inayofuata. Badala ya kubahatisha mamilioni ya michanganyiko, unajibu swali dogo moja moja.

Wapo waliolalamika kwamba Hobbs anawafundisha wezi. Yeye alijibu kwamba wezi wanayajua hayo siku nyingi. Asiyejua ni mwenye mali. Alikuwa sahihi. Kitasa kinachotegemea watu wasijue kilivyoundwa kimeshashindwa, kwani siri hiyo huvuja siku mtu mmoja anapokinunua na kukifungua kwa bisibisi. Wanaolinda simu na akaunti za benki leo wanafuata hoja hiyohiyo: maelezo ya mfumo yawe wazi, ufunguo peke yake ndio ufichwe.

Miaka kumi baadaye, Linus Yale mdogo wa Marekani alilirudia wazo la vijiti vya Misri. Alizigawa pini vipande viwili, akaweka springi juu yake, akazitia ndani ya silinda ndogo yenye ufunguo bapa. Katika kitasa cha pini 5, tukichukulia kila moja ina vina 8, funguo tofauti zinazowezekana ni 32,768. Kufuli nyingi za madukani, za masanduku ya shule na za minyororo ya milango ya kuchongwa ya Zanzibar na Lamu zinafanya kazi kwa njia hiyo.

Vijiti vya Misri viliteremka kwa uzito. Pini za kufuli yako zinategemea springi nyembamba mno. Kufuli ikianza kugoma, usiitie mafuta ya kupikia. Yanakusanya vumbi, na pini iliyonata hairudi mahali pake. Kwaruza risasi ya penseli iwe unga, upake kwenye meno ya ufunguo, uuingize na kuutoa mara kadhaa.