Utafiti wa kompyuta upimwe pia shambani

DHAHABU ya Geita hupatikana kwa kusaga mawe mengi ili kuambulia chembe chache. Wanasayansi wa kompyuta hufanya kazi ya namna hiyo kwa takwimu. Huchambua kumbukumbu nyingi mpaka ijitokeze taarifa yenye manufaa, na kazi hiyo huitwa uchimbaji wa data. Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, fani hii na ndugu zake zimeshaingia hadi kwenye shamba la muhogo. Kwa hiyo hata mkulima wa Sengerema, Misungwi au Ukerewe ana sababu ya kujua jinsi wataalamu hao wanavyopimwa.

Mtafiti hupimwa kwa idadi ya maandiko yake na mara ambazo watafiti wengine wameyanukuu. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachounganisha mambo hayo mawili. Mwenye alama 10 ni yule mwenye maandiko 10 ambayo kila moja limenukuliwa walau mara 10. Mwenye maandiko 50 anaweza kubaki na alama 3, ikiwa ni matatu tu yaliyonukuliwa mara tatu au zaidi.

Kipimo hiki ni rahisi, na vyuo vingi hukitazama wakati wa kuajiri na kupandisha vyeo. Kasoro yake ni kwamba kinahesabu watafiti waliotaja andiko, wala hakihesabu watu waliotumia matokeo yake.

Mfano mzuri ni andiko la mwaka 2016 la Mohanty, Hughes na Salathé. Waliifundisha kompyuta kutambua magonjwa kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14, na ikapata usahihi wa asilimia 99.35. Andiko hilo limenukuliwa maelfu ya mara. Lakini waandishi wenyewe walieleza humo humo kwamba kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, usahihi ulishuka hadi kuzidi kidogo tu asilimia 31. Aliyesoma tarakimu ya kwanza akaishia hapo atadhani tatizo limekwisha.

Kwa muhogo, hatua zilisogea karibu na mkulima. Mwaka 2017, Amanda Ramcharan na wenzake walitumia picha zilizopigwa mashambani hapa nchini na kupata asilimia 93. Kazi hiyo ilizaa Nuru, programu ya simu inayoweza kuchunguza jani bila intaneti. Ng'ambo ya ziwa, Ernest Mwebaze na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa picha 9,436 za muhogo zilizokwisha kutambuliwa, ili zitumike katika shindano la kimataifa la mwaka 2019.

Mwaka 2020, Latifa Mrisho na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha Nuru na watu. Nuru ilipata asilimia 65, maofisa ugani asilimia 40 hadi 58, na wakulima asilimia 18 hadi 31. Walipochunguza majani sita ya mmea mmoja badala ya kutegemea jani moja, usahihi wa programu ulipanda hadi asilimia 74 hadi 88.

Kwa mchumi, tarakimu hizo zina uzito kuliko idadi ya nukuu. Muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili yenye virusi hubeba ugonjwa hadi shamba jipya. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kitaalamu huko Amani mwaka 1936, kwa muda mrefu ulijulikana kama tatizo la mwambao. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana ukienea katika maeneo ya ziwa, ukisaidiwa na inzi weupe. Ubaya wake ni kwamba mti unaweza kuonekana mzima ilhali mizizi imeoza. Mkulima asiyeutambua hupoteza msimu mzima, udaga wa familia na fedha za sokoni, kisha humgawia jirani pingili zile zile.

Hii haina maana kwamba nukuu ni upuuzi. Jaribio la mwaka 2020 lisingefanyika bila maandiko yaliyotangulia, na kutajwa ni njia ya kulipa deni hilo. Lakini kamati zinazopandisha vyeo, na wafadhili wanaotoa fedha, waongeze maswali mawili: je, matokeo yamejaribiwa katika shamba la mkulima, na nani anayatumia? Andiko linalotoa jibu la asilimia 65 shambani linaweza kuwa na thamani kuliko lile la asilimia 99 mezani.

Kwa upande wako mkulima, usikate shauri kwa jani moja. Chunguza majani sita ya kila mmea, kwa simu au kwa macho. Kabla ya kukata pingili, ng'oa miti michache na upasue mizizi yake uone kama ni safi. Ukiwa na shaka, muulize ofisa ugani au wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kabla pingili hazijaingia ardhini.